Jinsi ya kuingia shindano la ushairi la kumbukumbu: mwongozo kwa wanafunzi wa Kisumu, Nakuru na Magharibi

Shairi zuri huweza kuwekwa kando kabla halijasomwa hata mshororo mmoja. Barua ya shule imekosa mhuri, mzazi hajatia sahihi, au jina la mwanafunzi limeandikwa chini ya ubeti wa mwisho ilhali tangazo lilikataza. Inauma, kwa sababu mtoto alikesha akihesabu mizani, yaani silabi za kila mshororo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili upande wa Kisumu na mlezi wa chama cha Kiswahili shuleni. Huu ndio utaratibu ninaowapitisha wanafunzi wangu kila linapotokea shindano la kumkumbuka marehemu fulani, liwe limeandaliwa na familia yake, na shule aliyofundisha au na maktaba. Utawafaa pia walio Nakuru, Kakamega, Bungoma na Busia, kwa kuwa masharti ya mashindano haya hayapishani sana.

Anza na tangazo

Tafuta tangazo lenyewe, tena zima. Picha inayosambazwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi mara nyingi huwa imekatwa sehemu ya chini, na huko chini ndiko masharti yalikoandikwa. Nakili kwenye daftari: nani anaruhusiwa (umri, gredi au kidato), lugha gani, mashairi mangapi kwa kila mwanafunzi, beti zisizidi ngapi, shairi la arudhi (lenye kufuata vina na mizani) au shairi huru, na kazi itumwe kwa njia gani. Kisha tarehe. Tazama na saa pia, kwani mwisho ukiwa saa kumi na moja jioni, baruapepe ya saa tatu usiku imechelewa. Kwa wanaotumia Posta, uliza kama kinachohesabiwa ni siku bahasha ilipogongwa mhuri au siku ilipofika mikononi mwa waandalizi. Ukikosa jibu, chukulia ni siku ya kufika.

Tangazo likidai ada, usitume chochote bado. Mpe mwalimu nambari ya simu ya waandalizi azungumze nao kwanza, hasa kama pesa zinatakiwa kwenye M-Pesa ya mtu binafsi. Anayemkumbuka marehemu wake kwa dhati hana haja ya kuwaharakisha watoto walipe leo leo.

Mjue anayekumbukwa

Hapa ndipo ninapowaomba wanafunzi watumie muda mwingi, na ndipo wengi wanapopita mbio. Shindano la kumbukumbu halikuulizi tu kama unajua kupanga vina. Linakuuliza kama unamjua huyu mtu. Soma mfano huu:

Ewe kifo u katili, umetunyang'anya nuru.

Mizani ni 16, nane kwa nane, hakuna kosa. Lakini mshororo huo unaweza kusomwa kwenye mazishi yoyote, kuanzia Webuye hadi Naivasha, na hakuna atakayejua ni nani aliyelala. Waamuzi huletewa mishororo ya aina hiyo kwa wingi, na jamaa wa marehemu akiwa miongoni mwao, ataisoma bila kumwona mtu wake.

Basi tafuta habari. Kama marehemu alikuwa mwalimu au mzee wa mtaa, waulize waliofanya kazi naye, na omba kuona kijitabu cha mazishi. Familia nyingi za huku kwetu hukihifadhi, na ndani yake mna historia ya maisha kuanzia kuzaliwa. Kama alikuwa mtu mashuhuri, nenda maktaba ya umma ya Kisumu, Nakuru au Kakamega ukatafute vitabu vyake na magazeti ya wakati wake. Chukua mfano wa Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma aliyefariki Nairobi mnamo Aprili 2020. Aliandika riwaya, akatangaza habari kwenye runinga, akafundisha chuo kikuu. Mtunzi anayemlilia kama mwandishi tu ameacha nje sauti ambayo Wakenya waliisikia sebuleni mwao. Wakati mwingine wanaokumbukwa ni wengi kwa pamoja, kama waliochukuliwa na maji bwawa lilipopasuka Solai, Kaunti ya Nakuru, usiku wa Mei 9, 2018, ambapo watu zaidi ya 40 walikufa. Katika shairi la namna hiyo chagua nyumba moja, njia moja au shamba moja, ulitazame kwa makini. Ukitaka kuwalilia wote kwa ubeti mmoja hutamlilia yeyote.

Majina na miaka yahakikishe mara mbili. Kukosea mwaka wa kifo mbele ya wafiwa ni jambo la aibu kuliko kukosea kina.

Kutunga

Kama tangazo halitaji bahari (aina ya shairi), tarbia inatosha: mishororo minne kwa ubeti, mizani 16 kwa kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho. Hesabu kwa vidole huku ukisoma kwa sauti. Silabi zinazowapotosha wengi ni zile za m na n zinazosimama peke yake: "mtoto" ni mizani mitatu, "nchi" ni miwili, ilhali "nyumba" pia ni miwili tu. Hapa kuna ubeti niliotunga kwa ajili ya somo hili, wa kumkumbuka mwalimu aliyepanda miti shuleni:

Ulituachia miti, kivuli kimeshafika,
Kwenye uwanja wa kati, watoto wapumzika,
Hata bila ya shuruti, jina lako latajika,
Twakuandikia hati, wema wako kukumbuka.

Si ubeti wa kutikisa nchi, ila msomaji anajua marehemu alifanya nini na wapi. Hilo ndilo ninalolitafuta katika rasimu ya kwanza. Ukiona kina kinakulazimisha useme jambo lisilo kweli kuhusu marehemu, badilisha kina.

Mwalimu anaruhusiwa kukuonyesha mahali mizani ilipopungua au picha ilipofifia. Haruhusiwi kukutungia. Wala mashine isikutungie. Fomu nyingi sasa zina tamko la kutia sahihi kwamba kazi ni yako mwenyewe, na tamko hilo unalitoa kwa jina la mtu aliyekufa. Ninalichukulia kwa uzito mkubwa. Afadhali beti nne zenye kasoro zilizotoka kwako kuliko kumi laini zilizotoka kwingine.

Nakala safi

Ukienda saiba (duka la kompyuta) kupiga chapa, kaa kando ya anayechapa au chapa mwenyewe. Kompyuta nyingi zimepangwa kwa Kiingereza, na hubadilisha maneno ya Kiswahili kimyakimya yakawa mengine. Tatizo la pili ni upana wa ukurasa: mshororo wa mizani 16 ukichapwa kwa herufi kubwa hukatika, nusu yake ikashuka chini, na ubeti wa mishororo minne ukaonekana una minane. Punguza herufi au panua nafasi ya maandishi hadi kila mshororo ukae kwenye mstari wake. Acha nafasi kati ya beti. Weka kichwa cha shairi juu.

Jina lako lisionekane kwenye ukurasa wa shairi kama masharti yanasema waamuzi wasijue mtunzi. Hapo jina la shule pia liondolewe, hata lile lililojificha kwenye jina la faili. Jina linakaa kwenye fomu peke yake.

Fomu, barua na sahihi

Andika majina yako kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, kwa mpangilio uleule, kwa sababu cheti cha ushindi kitaandikwa kutoka hapo. Jaza nambari ya usajili ya shule, gredi au kidato, na nambari ya simu ya mzazi au mwalimu. Usiandike simu ya rafiki.

Barua ya shule iombe mapema. Mwalimu wa Kiswahili huiandika, mwalimu mkuu hutia sahihi, kisha mhuri hugongwa ofisini. Mwalimu mkuu akiwa kwenye mkutano wa kaunti na wewe una siku moja tu, utahangaika bure. Barua inahitaji mambo matatu pekee: kwamba wewe ni mwanafunzi wa shule hiyo, uko darasa gani, na shule inakubali ushiriki.

Idhini ya mzazi ndiyo huwakwamisha wanaolala bweni. Chini ya miaka 18 wewe ni mtoto kisheria, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mzazi au mlezi akubali kabla taarifa zako hazijatumiwa. Kwa hivyo fomu utakayopeleka nyumbani likizo fupi ya katikati ya muhula, au utakayompa mzazi siku ya kutembelewa, iwe tayari kabla ya siku hiyo. Shule hairuhusu simu bwenini, kwa hiyo usitegemee kumpigia mama usiku wa mwisho.

Wazazi, kabla ya kutia sahihi, tafadhali someni kifungu cha hakimiliki. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, shairi ni la mtunzi, na haki hiyo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Haihamishwi ila kwa maandishi yenye sahihi, na fomu mliyoishika huenda ndiyo maandishi hayo. Waandalizi kuomba ruhusa ya kulichapisha shairi kwenye kijitabu cha kumbukumbu ni jambo la haki kabisa. Wakitaka shairi liwe mali yao milele, pigeni simu muulize sababu, na kama jibu halitoshi, kateni kifungu hicho kwa kalamu na mtie sahihi pembeni, mkikubaliana nao.

Kutuma

Kwa baruapepe, tuma kila kitu mara moja: shairi kwenye faili lake la PDF, fomu na barua kwenye mafaili mengine. Picha za simu zilizopigwa kwenye kivuli hazisomeki; mwambie wa saiba akuskanie. Kichwa cha ujumbe kiandikwe kama tangazo lilivyoagiza. Kisha hifadhi ujumbe uliotumwa, na kama hujajibiwa baada ya siku chache, mwalimu apige simu kuuliza kama umefika.

Anayepeleka kwa mkono abebe nakala mbili, moja aiache, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa arudi nayo.

Ukichaguliwa

Washindi kwa kawaida huitwa kughani shairi siku ya kumbukumbu, mara nyingi mbele ya wafiwa. Likariri. Lighani kwa kasi ya kawaida, usiigize kilio. Atakayelia atalia mwenyewe. Shule itahitaji barua ya mwaliko ndiyo ikupe ruhusa ya kutoka, pamoja na mwalimu wa kukusindikiza, kwa hivyo iombe pindi unapopigiwa simu, na uulize nani atalipa nauli. Zawadi ikiwa ni karo, hulipwa kwenye akaunti ya shule. Mzazi afuatilie kwa mhasibu apewe risiti yenye jina la mwanafunzi.

Usipochaguliwa, shairi bado ni lako. Waulize waandalizi kama waamuzi waliandika maoni. Kisha lipeleke kwenye jarida la shule au ukurasa wa ushairi wa Taifa Leo, ila usilitume kokote kabla matokeo hayajatangazwa, kwa sababu mashindano mengi hukataa kazi iliyokwisha kuchapishwa. Na kama familia ya marehemu haijaliona, mpe mwalimu nakala awapelekee.