Waranti ya nyumba Marekani: anza na wasichokilipia

Wadau mlionunua nyumba Marekani au mko mbioni kununua, lazima mtakutana na hii kitu waranti ya nyumba, saa nyingine muuzaji ndo anakulipia ya mwaka wa kwanza ili biashara iishe haraka, na watu wengi wanatupia makaratasi kwenye droo wakijua nyumba nzima iko salama. Haiko. Ule ni mkataba wa matengenezo ya vitu vilivyotajwa, basi, kisichotajwa ni chako.

Kwanza usichanganye mafaili. Bima ya nyumba ni ya majanga: moto, wizi, upepo umeng'oa paa, na ukinunua kwa mkopo benki inakulazimisha uwe nayo. Waranti ya nyumba hailazimishwi na mtu, hii ni ya kifaa kilichokufa kwa kutumika mpaka kikachoka. Afu kuna waranti ya mjenzi kwa nyumba mpya, mara nyingi mwaka 1 kwa umaliziaji, miaka 2 kwa mabomba, umeme na AC, na mpaka miaka 10 kwa kasoro kubwa za muundo. Kwa hiyo nyumba ina mwaka na nusu, AC inasumbua? Mtafute mjenzi kabla hujatoa hela kwingine.

Kabla ya kulipa omba mkataba wenyewe, sio kipeperushi chenye picha ya familia inacheka. Ukiupata ruka kurasa za mbele zote, nenda kwenye sehemu ya wasivyolipia, ndo usome taratibu.

Utakuta mara nyingi mambo haya. Tatizo lililokuwepo kabla ya mkataba kuanza, hata kama hukulijua, ingawa kampuni nyingine zinakubali lile ambalo hata mkaguzi asingeliona kwa macho. Kifaa kisichofanyiwa sevisi. Kifaa kilichofungwa vibaya na fundi wa zamani. Paa, msingi, kuta, madirisha, wadudu na ukungu kwa kawaida havimo kabisa. Bwawa, kisima na shimo la maji taka unaongezea hela, na paa linalovuja nalo likiwemo ni kwa nyongeza yenye kiwango kidogo.

Vile vilivyomo navyo vina vipande. Chukua friji: kompresa ikifa wanakuja, ila mpira wa mlango, shelfu, taa, na ile nyama iliyoharibika ndani, kwa mikataba mingi hayo ni juu yako. Au bomba limevuja ndani ya ukuta. Fundi atatoboa ukuta, ataziba bomba, na ukiwa na bahati mkataba unasema watafunika lile tundu juujuu tu, kupaka rangi, vigae, na ile sakafu ya mbao iliyovimba kwa maji hawahusiki. Hapo kwenye sakafu ndo uulize bima ya nyumba, maana maji ya bomba lililopasuka ghafla mara nyingi wanayalipia, yaliyovuja pole pole miezi mitano wanakataa.

Hela sasa. Unalipa ada ya mwaka, na kila fundi akija unalipa ada ya kuitikia wito, fundi bomba na fundi umeme ni ada mbili hata kama wamekuja siku moja. Halafu tafuta kikomo cha malipo kwa kila kifaa. Tuseme AC wameweka mwisho dola 2,000 na kuibadilisha ni dola 7,000, hizo 5,000 zinatoka mfukoni kwako, na bado gesi, kibali cha manispaa, kubeba mashine ya zamani na kurekebisha mifereji ya hewa ili iendane na kanuni mpya vinaweza kuwa juu ya hapo. Kampuni nyingine zitakwambia chukua keshi badala ya kifaa kipya mambo yaishe, uliza hesabu yake imepigwaje, maana wanaweza kuhesabu bei yao wanayonunulia kwa jumla na sio bei ya dukani.

Jinsi ya kujilinda. Tunza ripoti ya ukaguzi wa siku uliyonunua nyumba, piga picha kibandiko cha kila mashine chenye modeli na namba yake, weka risiti za sevisi, hata ile ya filta ya AC (hakuna anayependa kutunza risiti ya filta, lakini ndo wanayoiomba). Ujue pia ukinunua mwenyewe nje ya mauziano ya nyumba, wengi wanakusubirisha siku 30 ndo mkataba uanze kufanya kazi.

Kitu kikiharibika wapigie wao kwanza, ukiita fundi wako akagusa kabla hawajakubali, wengi hawakurudishii hata senti. Eleza ulichokiona, usianze kubahatisha chanzo. Wakikataa kulipa, omba barua inayotaja kipengele cha mkataba walichotumia, ukikisoma ukaona hakiendani na kilichotokea kata rufaa, ikishindikana peleka malalamiko kwa mamlaka ya jimbo lako, kuna majimbo yanayoweka kampuni hizi chini ya idara ya bima, kwingine utaanzia ofisi ya mwanasheria mkuu.

Kwa maoni yangu, vifaa vikiwa bado na waranti ya kiwandani unalipia kitu kimoja mara mbili. Nyumba ya zamani, mashine hujui umri wake na akiba huna, hapo inaweza kukusaidia, ilimradi vikomo viwe vya maana.

Na zile barua zinazokuja baada ya kununua nyumba, zimeandikwa kama za serikali au za benki yako, "taarifa ya mwisho, waranti yako inaisha", hata kama hujawahi kuwa na waranti yoyote: ni matangazo, na Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, imeshaonya watu kuhusu hizo. Usipige namba iliyoandikwa pale. Kama una wasiwasi mpigie aliyekukopesha kwa namba iliyopo kwenye bili yako.