Namna ya kukaa ili misuli ya tumbo isilegee

Mama anayechambua dagaa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, huweza kukaa saa nyingi mfululizo juu ya kigoda kifupi, magoti yamepanda karibu na kifua na mgongo umejikunja, kisha jioni akalalamikia kiuno bila kufikiri kwamba tumbo nalo limehusika. Msuli wa ndani kabisa wa tumbo huzunguka kiuno mfano wa kanga iliyofungwa vizuri, na husaidia kuutegemeza uti wa mgongo. Mtu anapojikunja, sehemu kubwa ya uzito huning'inia kwenye kano za mgongo, na msuli huo hulegea kwa kuwa haudaiwi kazi.

Jambo la kwanza, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kuinua kikalio. Tumia ndoo imara iliyopinduliwa, au weka gunia lililokunjwa juu ya kigoda, mradi nyonga ziwe juu kidogo ya magoti. Kalia mifupa miwili ya makalio, si kifandugu, kisha inamisha nyonga mbele kidogo mpaka kiuno kipate mbonyeo wake wa asili, na uache mbavu zikae juu ya nyonga bila kutunisha kifua. Usivute tumbo ndani kwa nguvu, kosa ambalo wengi hulifanya kwa nia njema, kwani huko ni kuibana pumzi.

Ili kuhakikisha, weka vidole ndani kidogo ya mifupa ya mbele ya nyonga, ukohoe taratibu. Utahisi msuli ukikaza. Jikunje, kisha nyooka polepole vidole vikiwa palepale, uone tofauti.

Anayesimama asikaze magoti wala kusukuma nyonga mbele. Anayepandisha ndoo ya maji kwenye miamba ya Mabatini, hapohapo Mwanza, kwa mkono mmoja abadilishe mikono njiani, kwa sababu misuli ya ubavu usio na mzigo ndiyo inayofanya kazi zaidi.

Hata mkao mzuri huchosha, kwa hiyo simama na utembee kidogo kila baada ya nusu saa hivi. Mkao hauyeyushi mafuta ya tumbo, na asikudanganye mtu. Mama aliyejifungua ambaye tumbo lake hutokeza mstari katikati anapoinuka kitandani amwone kwanza mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kuanza mazoezi ya kukunja tumbo.