Mzee katoka upasuaji, umpelekee nini? Mwongozo wa hatua kwa hatua

Juzi binti mmoja alinipigia akiwa Kariakoo, kasimama nje ya duka, hajui amnunulie nini bibi yake aliyewekewa nyonga ya bandia. Mkononi tayari ana pakiti mbili za glukosi na katoni ya juisi. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, na kila Jumamosi naona vitu hivyohivyo vikiingia na kujaa kwenye kabati la kitandani: glukosi, juisi, biskuti, machungwa. Mgonjwa akiruhusiwa, nusu yake anaachiwa jirani wa kitanda cha pili. Niliyomwelekeza kwa simu ndiyo haya, ila hapa nimeyaongezea nyama.

Hatua ya 1: Jua amepasuliwa wapi

"Amefanyiwa operesheni" haitoshi. Mtoto wa jicho, ngiri, tezi dume, nyonga: kila moja ina jambo lake inalomkataza mtu. Uliza ni sehemu gani na ametoka lini. Jina la kitaalamu la upasuaji halitakusaidia dukani.

Hatua ya 2: Mpigie anayelala naye, si mgonjwa mwenyewe

Mgonjwa mpigie kwa salamu na pole. Ukimuuliza anahitaji nini, atakujibu "usijisumbue mwanangu, dua zenu zinatosha", na atasema hivyo hata kama usiku kucha alibana mkojo kwa kuogopa kumwamsha mtu.

Kwa hiyo mtafute dada, mkwe au mjukuu anayemuuguza. Usimuulize "anapenda nini?" Muulize: akiamka asubuhi, kitu gani kinamshinda? Usiku anaendaje msalani? Analala kitandani au chini? Maji ya kuoga anabebewa na nani? Ukisikiliza vizuri, zawadi utaisikia ikitajwa humohumo bila mwenyewe kujua ameitaja.

Chukua babu aliyepasuliwa ngiri. Kwa wiki kadhaa hatakiwi kunyanyua vitu vizito, na ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 za maji. Ukimlipia kijana wa mkokoteni amletee maji hadi mlangoni mwezi mzima, umempa kitu ambacho hakuna kikapu cha matunda kitakachokifikia. Au mama aliyetolewa mtoto wa jicho: hatakiwi kusugua jicho, kujimwagia maji usoni, wala kukaa kwenye moshi na vumbi. Kama anapikia kuni, mtungi mdogo wa gesi na jiko lake utamfaa sana, mradi ndani ya nyumba yumo mtu anayejua kuutumia. Kama hayumo, mlipie mtu wa kupika.

Hatua ya 3: Chakula, kama lazima kiwe chakula

Glukosi ni sukari. Wazee wetu wengi wana kisukari, wengine hawajapimwa kabisa, na sukari ikipanda kidonda kinachelewa kufunga na kinapata maambukizi kirahisi. Juisi za maboksi nazo zimo humohumo. Sizipendi, na wodini wananijua kwa hilo.

Kidonda kinajengwa kwa protini: mayai, samaki, maharage, kuku. Ukipeleka kuku wa kienyeji, mpeleke ameshachinjwa na kukatwakatwa. Kuku hai ni kazi nyingine unayomtwisha anayeuguza. Aliyepasuliwa tumbo usimlishe chochote mpaka uambiwe ameruhusiwa kula.

Matunda yaulizie kwanza. Balungi linagongana na baadhi ya dawa za presha na za kushusha lehemu. Madafu na ndizi vina potasiamu nyingi, haviwafai wenye figo mbovu. Papai bivu nalipenda kwa sababu moja: dawa kali za maumivu, tramadol ikiwemo, hufunga choo, na kujikamua ukiwa na mshono ni mateso. Papai na maji ya kunywa ya kutosha husaidia.

Hatua ya 4: Choo

Hapa ndipo simu ya yule binti ilipochukua muda wote. Kama mzee wako amefanyiwa upasuaji wa nyonga, goti au mgongo, zawadi ya kwanza kufikiria ni kiti cha choo, yaani kile cha miguu minne chenye tundu la kukalia na ndoo chini yake, ambacho pia husimamishwa juu ya choo. Nyumba nyingi zina choo cha kuchuchumaa, na aliyewekewa nyonga ya bandia mara nyingi anaambiwa asikunje nyonga kupita nyuzi 90, kwa wengi kwa wiki 6 hadi 12, kutegemea daktari alivyopasua. Kuchuchumaa kunazivuka hizo nyuzi 90 kwa mbali, na nyonga inaweza kuchomoka. Kigoda, mkeka na mbuzi ya kukunia nazi navyo viwekwe kando kwa muda, na swala aiswali kwenye kiti.

Kabla ya kununua, uliza kwenye kundi la ukoo. Vifaa hivi vikishamaliza kazi husukumwa stoo, na huenda kwa mjomba kipo kimoja kinakusanya vumbi. Kioshe kwa sabuni na jiki, badilisha mipira ya miguuni, basi. Hakuna aibu yoyote katika zawadi ya namna hiyo.

Ukinunua, nenda maduka ya vifaa tiba, yale yanayozunguka hospitali kubwa. Chukua chenye miguu inayorefushwa kwa vitundu, mikono imara pande zote mbili na ndoo inayochomoka. Kwanza, mwambie anayeuguza apime kutoka unyayo hadi mkunjo wa nyuma ya goti, mzee akiwa ameketi. Kiti kizidi hapo kidogo, ili akikaa goti liwe chini ya nyonga, lisiwe juu. Kisha apime upana wa mlango wa choo. Milango ya vyoo vyetu ni myembamba, na nimeshasikia kiti kikilala uani kwa sababu hakikupita. Apime pia upana wa sinki la choo na pale pa kukanyagia, kwa sababu miguu minne yote lazima isimame kwenye sakafu iliyo sawa. Mguu mmoja ukiwa juu ya kikanyagio na mwingine chini, kiti kitacheza, naye ataanguka.

Uwazi wa kiti nao una mambo yake. Vipo vyenye tundu la duara lililofunga pande zote, na vipo vilivyo wazi kwa mbele. Kwa mtu anayetawaza kwa maji chukua kilicho wazi mbele, mkono na kopo vipate njia. Wauzaji wengi hawakuambii hili kwa sababu kwao viti vyote ni kiti. Soma pia lebo ya uzito. Vingine vimeandikwa kilo 100, na mzee mnene akijitupa kwa kishindo, uzito unaokipata kiti ni zaidi ya ule wa kwenye mizani.

Ukikiweka juu ya choo cha kuchuchumaa unatoa ile ndoo ya chini, na hapo linakuja tatizo la kurukiwa. Kutoka juu mpaka kwenye sinki ni mbali, mkojo unarukia miguuni. Dawa yake ni ndoo ndogo iliyokatwa kitako, unaipachika pale ndoo ilipokuwa, inaongoza kila kitu kiende chini. Baadhi ya viti vinakuja nayo. Kama hakina, kata mwenyewe na ulainishe kingo kwa msasa.

Kiti chenye magurudumu usikiweke chooni. Najua kinaonekana cha kisasa, na ndugu walioko nje hupenda kutuma hicho. Sakafu yenye maji na sabuni haitaki magurudumu.

Je, fundi wa kuchomelea? Anaweza, na nimeona kazi nzuri, ila msimamie: mikono iwepo, kingo zisikwangue, miguu itanuke kidogo kwa chini na ivishwe mipira. Kile kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati sikikubali. Kinapasuka kuanzia kwenye tundu, kinabana ngozi, na miguu yake hutanuka kwenye vigae vilivyolowa.

Usiku kiti hichohicho kinahamia chumbani, na ndoo yake inawekewa maji kidogo na mfuniko. Hapa panahitaji adabu kuliko ufundi. Mtu mzima hajisaidii mbele ya wajukuu, kwa hiyo nunua na pazia na kamba yake. Mkubaliane pia nani anamwaga ndoo. Kama aliyepo usiku ni mkwe, bibi atabana mpaka alfajiri na kiti kitabaki pambo. Mlipieni mtu, au binti yake aje kulala.

Na mlango wa choo: kama unafungukia ndani, mzee akianguka nyuma yake hamtaweza kuingia. Ung'oeni mlango mweke pazia kwa muda.

Kama ana fremu ya kutembelea, mshonee mfuko wa kitenge wa kufunga mbele ya hiyo fremu. Mikono yake yote miwili imeshika chuma, hana wa kumbebea simu, tasbihi wala miwani. Fundi cherehani anaumaliza kwa muda mfupi.

Hatua ya 5: Nguo

Kanga. Inafaa upasuaji wowote, haibani mshono, na doti ina vipande viwili, kimoja kikifuliwa kingine kinavaliwa. Soma jina lake kabla hujalipa, usije ukampelekea mgonjwa maneno ya kusutana. Dera liwe la baadaye kwa aliyepasuliwa titi au bega, maana linapitishiwa kichwani na mkono wake haupandi. Mtafutie gauni la vifungo vya mbele. Babu wa tezi dume aliyerudi na mpira wa mkojo mpe msuli au kikoi, suruali hatazihitaji kwa sasa.

Hatua ya 6: Pesa

Pesa ni zawadi, na mara nyingi ndiyo bora. Ukituma kwa simu, weka na ya kutolea. Ila igawe: ya mgonjwa mpe mgonjwa, na nyingine mtumie anayeuguza kwa jina lake, umwambie wazi ni yake. Aliyefunga genge lake wiki tatu ili amwogeshe mama yenu huwa hakumbukwi na mtu yeyote, na yeye akichoka, vifaa vyote vya hatua ya nne havina wa kuvishika.

Hatua ya 7: Kupeleka

Usiende saa ya chakula wakaanza kukupikia. Toa shikamoo, mpe pole, kaa kidogo.

Kiti kifungue mwenyewe, usikiache kwenye boksi. Rekebisha miguu yote minne iwe kwenye kitundu cha usawa mmoja, usikie kila pini ikilia, kisha mjaribishe mzee akiwa amevaa nguo zake, sakafu ikiwa kavu, huku umesimama pembeni. Aketi, asukume mikono, anyanyuke. Fanya haya kabla hakijatumika, na risiti umwachie anayeuguza: kirefu au kifupi kinaweza kubadilishwa, lakini kikishatumiwa hakuna duka litakalokipokea.