Kugawa mfumo wa kampuni kuwa huduma: anza na orodha ya wateja

Kampuni moja ya usambazaji niliyoifanyia kazi ilikuwa na programu tatu: ya mauzo, ya stoo na ya uhasibu, kila moja na orodha yake ya wateja. Namba ya simu ya mteja mmoja, mauzo waliianza na 07, uhasibu 2557, stoo +2557. Kompyuta ikaona watu watatu, na mtu aliyekwisha kulipa akazuiwa getini na mzigo wake. Dawa yake ni kuifanya kila kazi ya biashara huduma moja, yaani programu inayojitegemea yenye mwenyewe, programu nyingine ziiombe taarifa badala ya kujiwekea nakala.

Hatua ya 1. Usinunue chochote kwanza. Fuata oda moja tangu mteja anapopiga simu hadi gari linapotoka, ukiandika kila mahali mtu anaponakili kitu kutoka skrini moja kwenda nyingine. Panaponakiliwa sana ndipo pa kuanzia.

Hatua ya 2. Amueni idara ipi ina mamlaka juu ya taarifa hizo. Kikao hiki ni kigumu kuliko kuandika programu, na msikiruke. Huduma isiyo na mwenyewe haichukui muda kuharibika.

Hatua ya 3. Andikeni mkataba wa huduma: inaulizwa nini, inajibu nini, kwa umbo gani. Sisi tulikubaliana namba zote zianze na 255, tarakimu 12, bila alama ya kujumlisha.

Hatua ya 4. Fungeni mlango wa nyuma. Programu nyingine isiguse moja kwa moja hifadhidata ya huduma, yaani mahali inapotunza taarifa zake, hata kwa ripoti ya haraka. Jeff Bezos, mwanzilishi wa duka la mtandaoni la Amazon, aliwawekea wafanyakazi wake sharti hilohilo mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Hatua ya 5. Mtandao utakatika, na ombi lisilojibiwa litatumwa tena. Kwa hiyo kila malipo yaje na namba ya muamala, ile iliyo kwenye meseji ya uthibitisho. Huduma ikiiona mara ya pili, irudishe jibu lilelile bila kuandika malipo mapya.

Hatua ya 6. Hamisheni programu moja moja zianze kutumia huduma, mkianza na inayosoma taarifa tu bila kuzibadilisha. Linganisheni orodha mpya na ya zamani kila jioni. Kabla ya kuizima ya zamani, subirini mhasibu afunge mwezi mzima bila kuifungua.