Hakiki pipeti yako kwa mizani: hatua na maswali

Pipeti ni kifaa cha maabara cha kuvuta na kumwaga kiasi kidogo cha kimiminika. Kuandikwa 1000 hakuhakikishi kwamba inatoa mikrolita 1000 (yaani mililita 1). Ili ujue inatoa ngapi, pima uzito wa maji yake. Andaa mizani inayosoma hadi gramu 0.0001, iliyohakikiwa usahihi wake na yenye cheti hai, pamoja na kipimajoto na maji yaliyokenekwa (yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke na kupozwa).

1. Acha vifaa vyote na maji katika chumba kimoja angalau saa mbili. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayoharibu kazi. Hata kiganja kikishikilia pipeti muda mrefu huipasha joto hewa ya ndani, ikapanuka, na maji yanayovutwa yakapungua.

2. Vuta na kumwaga maji mara tano bila kupima, ili hewa ya ndani ipate unyevu.

3. Chovya ncha wima, milimita 2 hadi 3 tu. Vuta polepole, mwaga chomboni huku ncha ikigusa ukuta, soma mizani. Rudia mara 10. Usifute namba kwa sababu tu haikukupendeza. Ifute kama uliona kosa lenyewe, mfano tone lililobaki nchani.

4. Kwa maji ya nyuzi 20 za Selsiasi na shinikizo la kawaida la hewa, zidisha gramu kwa 1.0029 upate mililita.

Tuseme wastani wa vipimo 10 ni gramu 0.9931. Hiyo ni mikrolita 996.0, pungufu 4.0. Mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuuzunguka wastani) ukiwa mikrolita 1.2, pipeti imefaulu: kiwango cha kimataifa cha pipeti, ISO 8655, kinaruhusu kosa la mikrolita 8 na mtawanyiko wa mikrolita 3.

Swali: Kiasi cha shaka, yaani kadiri jibu linavyoweza kupotoka, nakipataje?
Jibu: Shaka ya wastani ni 1.2 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 10, yaani 0.38. Lakini kazini unamwaga mara moja, si mara kumi, kwa hiyo usigawanye: chukua 1.2 yenyewe. Shaka ya mizani na ya joto hapa ni ndogo mno. Zidisha kwa 2, uandike mikrolita ± 2.4, kwa uhakika wa takriban asilimia 95.

Swali: Nizungushe skrubu ya kurekebisha pipeti ili itoe 1000 kamili?
Jibu: Hapana, imo ndani ya kiwango. Andika kosa hilo na ulisahihishe kwenye hesabu. Ukiigusa skrubu, vipimo vya zamani havilinganishiki tena na vipya. Ukilazimika, pima kabla na baada, uhifadhi matokeo yote mawili.

Swali: Maji yangu yana nyuzi 25.
Jibu: Tumia 1.0040 badala ya 1.0029.