Siku moja Gröna Lund: mwongozo kwa familia inayotoka Nairobi

Gröna Lund ni bustani ya michezo ya kupanda iliyoko kwenye kisiwa cha Djurgården, Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, na ukiitazama kutoka ng'ambo ya maji utaona minara, bembea na reli zimebanana kama vibanda vya Gikomba. Ilianzishwa mwaka 1883 katikati ya nyumba zilizokuwa zimejengwa tayari, kwa hiyo haikupata pa kutanukia. Eneo lote ni kama ekari 15. Reli moja inapita juu ya nyingine, na baadhi ya nyumba za zamani bado zimesimama humo humo kati ya mashine.

Ufinyu huo ndio wa kuzingatia unapopanga siku yako. Kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ni dakika chache kwa miguu, kwa hivyo usipoteze muda kuchora njia kwenye ramani. Muda huliwa na foleni, na foleni zinategemea saa uliyofika, upepo, na kama kuna tamasha la muziki jioni hiyo.

Tarehe

Msimu huanza mwishoni mwa Aprili na kuendelea hadi Septemba, kisha bustani hufunguliwa tena kwa siku chache za Halloween majira ya vuli. Likizo ya Desemba ya shule za Kenya haifai kabisa, maana lango limefungwa. Likizo ya Aprili nayo huwa inaisha wakati msimu ndio unaanza, na baridi bado ni kali.

Agosti ndiyo bora. Shule za Uswidi hufunguliwa katikati ya mwezi huo au baadaye kidogo, wakati watoto wetu bado wako nyumbani. Siku ya kazi mwishoni mwa Agosti ina foleni fupi kuliko siku yoyote ya Julai. Ila angalia kalenda ya bustani kabla ya kukata tiketi ya ndege. Saa za kufungua hubadilika siku hadi siku, na msimu ukielekea ukingoni kuna siku ambazo hawafungui.

Visa ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Uswidi, inaweza kuombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na isipungue siku 15. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Tiketi ya bustani yenye tarehe maalumu inunuliwe visa ikishapatikana, wala si kabla.

Tiketi na malipo

Kuingia ni jambo moja na kupanda michezo ni jambo lingine, na hapa ndipo wageni wengi hupoteza pesa. Tiketi ya kuingia inakupa bustani, muziki na mandhari. Anayetaka kupanda bila kuhesabu huvaa mkanda wa mkononi, ambao Waswidi huuita åkband. Nyanya anayekuja kuwatazama wajukuu hahitaji mkanda. Mtoto mdogo atakayepanda viwili au vitatu pia mara nyingi huwa nafuu akilipiwa mchezo mmoja mmoja. Kaa chini na familia kabla ya kulipa na mkubaliane nani anapanda nini hasa.

Noti hazikufaidi kitu, kwani bustani haipokei pesa taslimu. Swish, huduma ya Waswidi ya kulipa kwa simu, inahitaji akaunti ya benki ya huko, kwa hiyo mgeni hawezi kuitumia. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa inafaa kununulia tiketi kwenye intaneti ukiwa bado Nairobi, lakini ukifika huko utahitaji kadi ya plastiki ya benki, ya Visa au Mastercard, inayolipa kwa kugusishwa. Iarifu benki yako kwamba unasafiri. Kadi ikizuiwa ukiwa kwenye foleni ya chakula na watoto wana njaa, huna njia nyingine ya kulipa. Afadhali muwe na kadi mbili, kila mzazi na yake.

Kufika

Tramu namba 7 inatoka katikati ya mji, karibu na T-Centralen, kituo kikuu cha treni ya chini ya ardhi, hadi kituo cha Liljevalchs/Gröna Lund. Ni rahisi, lakini siku ya jua mwishoni mwa wiki hujaa kama matatu ya Rongai saa kumi na mbili jioni, na mwenye kigari cha mtoto huachwa kituoni.

Feri ni bora zaidi. Panda treni ya chini ya ardhi, laini nyekundu au ya kijani, kutoka T-Centralen hadi Slussen, vituo viwili tu. Shuka uende majini utafute feri namba 82. Inakushusha Allmänna gränd, hatua chache kutoka langoni. Usiogope ukikumbuka msongamano wa Likoni, hii ni mashua ndogo ya abiria tu. Tiketi ya kawaida ya usafiri wa mji, ya SL, inadumu dakika 75 na inatumika kwenye treni na kwenye feri, kwa hiyo hakuna kulipa mara mbili. Ukitumia kadi ya benki, kila mtu agusishe yake. Familia inayotegemea kadi moja inunue tiketi zote kupitia programu ya SL.

Mpangilio wa michezo

Fika kabla lango halijafunguliwa, kisha anza na vile vinavyobeba watu wachache kwa safari moja. Wengi hukimbilia chombo kikubwa kinachoonekana kutoka mbali, na hapo wanakosea. Treni ndefu kama ya Monster, ile iliyofunguliwa mwaka 2021 ambayo abiria hukaa wakining'inia chini ya reli, humeza watu wengi kila inapoondoka, na foleni yake husogea. Vilda Musen, reli ya vigari vidogo, hubeba wanne tu kwa kila kigari. Foleni yake inaweza kuonekana fupi na bado ikakuchukua muda mrefu kupita kiasi. Kwa hiyo Vilda Musen iwe asubuhi, Monster baadaye.

Minara nayo iwe asubuhi, kwa sababu ya upepo. Eclipse ni bembea za minyororo zinazozunguka kwenye mnara wa mita 121. Jumba la KICC lina mita 105, kwa hiyo fikiria kukaa kwenye kiti chembamba juu ya paa la KICC, miguu ikielea hewani. Hubeba watu 24 kwa mara moja. Upepo wa kutoka majini ukizidi, bembea hizo ndizo za kwanza kusimamishwa, na zinaweza kukaa hivyo hadi jioni. Ukiziona zinazunguka na unataka kupanda, panda saa hiyo hiyo. Fritt Fall inakuangusha kutoka mita 80. Ikaros ni kali kuliko hiyo, maana kiti hukuinamisha ukatazama ardhi kabla ya kuachiliwa. Usimlazimishe mtu kupanda Ikaros.

Twister, treni ya reli iliyojengwa kwa mbao, ifanye mchana. Kvasten, treni ndogo ambayo jina lake maana yake ni ufagio, ndiyo ya kumzoesha mtoto kabla hajaenda kwenye kubwa. Radi zikianza, vya juu vyote hufungwa. Wakati huo ingia Lustiga Huset, nyumba ya vichekesho yenye ngazi na sakafu zinazotikisika, au Blå Tåget, treni ya kutisha iliyo chini ya paa.

Ukikuta ramani ya zamani inayotaja Jetline, iache. Treni hiyo ilipata ajali tarehe 25 Juni 2023, mtu mmoja akafariki na tisa wakajeruhiwa. Haikufunguliwa tena.

Urefu wa watoto

Mpime mtoto nyumbani, bila viatu, kwa sentimita. Sisi huwa tunasema futi, lakini ubao wa pale hauna futi: futi 4 ni sentimita 122. Vyombo vingi vina mipaka miwili, wa kupanda peke yake na wa kupanda akiwa na mtu mzima, na mfanyakazi hatabadilisha hata kwa sentimita moja. Msome ubao kabla hamjajiunga na foleni. Mtoto aliyesimama kwenye mstari muda mrefu kisha akarudishwa mlangoni hulia kwa haki, na kosa ni la mzazi.

Nguo, chakula, muziki

Mchana wa Julai hufika kama nyuzi 22 au 23, karibu sawa na mchana wa Nairobi mwezi huo huo, lakini juu ya mnara na kando ya maji ni baridi zaidi. Beba sweta na koti jepesi la mvua. Kandambili hazifai, zitakutoka hewani. Simu na miwani viwekwe kwenye mfuko wenye zipu au kabati la kukodi.

Maji ya bomba ni salama, kwa hiyo beba chupa tupu ujaze. Soseji ni chakula cha kila kona. Asiyekula nguruwe aulize kwanza, na maneno ya kutafuta kwenye orodha ni fläsk na griskött. Utaona pia magurudumu ya bahati ambapo watu huwekea namba ili washinde mabunda makubwa ya chokoleti. Wape watoto kiasi maalumu cha kucheza, kikiisha kimeisha.

Jioni nyingi kuna tamasha kwenye jukwaa kubwa, na tiketi yako ya kuingia huwa inatosha. Bob Marley alipiga hapa mwaka 1980 mbele ya watu 32,000, rekodi ya bustani hii. Siku za msanii mkubwa sehemu ya mbele ya jukwaa hujaa hadi njia kuziba, kwa hiyo maliza michezo ya upande huo alasiri, au chagua siku nyingine kabisa kama una kigari cha mtoto.

Angalia saa. Mwezi Juni jua huzama karibu saa nne usiku, na watoto waliozoea giza la saa moja hawatajua kwamba wamechoka mpaka waanguke. Ondokeni kabla ya wimbo wa mwisho. Mkichelewa, tramu za kituo cha karibu zitakuwa zimejaa. Tembeeni hadi daraja la Djurgårdsbron, mlivuke, kisha mfuate ukingo wa maji wa Strandvägen kurudi mjini. Mwendo wa kutoka bustanini hadi katikati ya mji ni kama nusu saa.