Mpira wa sivi jointi ukichanika usiuzungushie tyubu

Wenye zile pikipiki za matairi manne, ukiona grisi imetapakaa kwa ndani ya rimu jua mpira unaofunika sivi jointi, yaani kile kiungo cha ekseli kinachozungusha gurudumu hata likikata kona, umechanika, na jamani usiuzungushie kipande cha tyubu ukaendelea na safari, mchanga ushaingia na unasaga gololi humo ndani kama msasa. Chomoa ekseli, osha jointi na mafuta ya taa mpaka grisi ya zamani iishe yote, ikauke kabisa, alafu jaza ile grisi nyeusi ya molibdenamu, sio ya kawaida. Ukishavalisha mpira mpya, kabla hujakaza klipu ndogo inayoubana penyeza bisibisi nyembamba chini ya mpira hewa itoke, wengi wanaruka hapa. Ila kama ilishaanza kugonga tak tak ukikata kona, nunua jointi nzima tu.